Hedifoni za Shemeji na Ndege wa Idete

Sikulala. Naanza na hilo kwa sababu najua mnachosema nikipita pale Idete. Nilikuwa macho, mchana kweupe, jua la saa sita liko utosini, na haya yote yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana mimi sioni cha kuchekesha.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na sita, mwezi wa tano, mpunga umeanza kutoa maziwa. Aliyewahi kulima huku bondeni anajua huo ni wakati gani. Kweleakwelea, vile vindege vinavyokula nafaka kwa makundi, wakikushukia asubuhi, ikifika saa nane umebakiwa na mabua. Kwa hiyo tunahamia shambani, tunajenga dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na tangu alfajiri mpaka jua linazama mtu anakaa juu yake akivuta kamba za makopo na kupiga kelele. Huko ndiko kuamia ndege. Mwaka huo nilikuwa peke yangu. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa Ifakara na mtoto amelazwa, na aliniachia neno moja tu: "Baba Zuhura, hizo ekari mbili ndizo chakula chetu cha mwaka mzima. Usiniangushe."

Sasa hizo hedifoni. Alinipa shemeji yangu, kaka yake Mama Zuhura, anayefanya kazi Dar kwenye ofisi yenye kompyuta. Alisema ni za watu wanaocheza michezo kwenye kompyuta, nami nikajiuliza mtu mzima anacheza nini humo mpaka azibe masikio. Niseme ukweli nilivyoziona siku ya kwanza, sina haja ya kuzipaka matope. Zilikuwa kubwa kama vibakuli viwili, zenye sifongo nene, na zilibana kichwa hasa. Baada ya nusu saa masikio yanatoka jasho. Waya ulikuwa mfupi, halafu una ncha mbili, moja ya kusikilizia, nyingine ya maiki, maana upande wa kushoto kulikuwa na kimkono chenye maiki kinachokuja mpaka mdomoni. Redio yangu ina tundu moja, kwa hiyo ncha ya maiki ikabaki inaning'inia. Lakini sauti yake, jamani. Kwenye nyimbo nilizozijua miaka kumi nikasikia gitaa la pili ambalo sikuwahi kujua kama lipo.

Na zilikuwa zinaziba kabisa. Hapo nilikosea, nakubali. Kuamia ndege ni kazi ya masikio kuliko macho, kundi unalisikia linavuma kabla hujaliona. Lakini nilijiambia macho ninayo, kamba iko mkononi, kuna shida gani?

Saa sita ya siku hiyo, nimezivaa juu ya dungu, katikati ya wimbo nikamwona bibi mmoja amesimama chini. Bibi wa kawaida tu, kanga imefifia, ungo mkononi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilijua anapiga hodi, na nilijua mimi mdogo natakiwa nishuke, nimpe shikamoo, nimpe maji. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamnyooshea kiganja, yaani asubiri wimbo uishe. Ulikuwa umebaki kidogo tu, niamini.

Wimbo ulipoisha nikavua. Hakuna mtu. Kushoto mpunga, kulia mpunga, mbele njia iliyonyooka ambayo hata kijana hawezi kuimaliza kwa muda ule, sembuse bibi. Nikashuka kutazama matope. Zilikuwepo nyayo zangu za asubuhi, basi.

Nikapanda, nikavaa tena ili nijitulize. Redio ilikuwa kimya. Halafu, kwenye masikio yote mawili, karibu kabisa, sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Hodi." Nikachomoa waya kwenye redio. "Hodi," ikasema tena, bila haraka. Wewe ungefanya nini? Mimi niliishika ile maiki isiyochomekwa popote nikasema, "Karibu, bibi. Shikamoo."

Kisha ikasema, "Nimeshapita, mjukuu wangu. Kaa na wimbo wako."

Ndege wakafika. Nikazitupa hedifoni, nikavuta kamba. Makopo yakagongana, nikayasikia vizuri kabisa. Ndege hawakuruka. Nikapiga kelele mpaka koo likawaka. Nikaruka chini, nikakimbia katikati yao nikipunga shati, nao wakawa wananipisha tu kama kuku wanavyompisha mtu wa nyumbani, wanaendelea kula. Jirani yangu Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, alipiga kopo mara moja upande wake, na kundi lake lote likainuka likaja kwangu.

Akaja mbio. "Kaka, mbona kimya? Ndege wanakumaliza, wewe unakimbia tu hapo, hata sauti hutoi."

Jioni yalibaki mabua. Mama Zuhura alirudi siku ya tatu na mtoto amepona, akasimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Ulilala." Hakuuliza. Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba.

Ndiyo maana nina hasira mpaka kesho. Sikumtukana yule bibi, sikumfukuza. Dakika moja tu ya kusubiri. Na kama alikuwa na kisa na mimi, angemalizana na mimi, mtoto aliyetoka hospitali alimkosea nini? Nimeuliza wazee, nimeuliza shehe, nimeuliza padri, na kila mmoja anataka kujua ulikuwa wimbo gani.

Tangu siku ile sauti yangu haifiki. Ukinikaribia hatua tano unanisikia, zaidi ya hapo hamna kitu. Nikipiga hodi kwa mtu nasimama mlangoni kama mwizi mpaka atoke kwa shida zake. Ndiyo maana haya nimeyaandika. Wewe uliyeziba masikio kwa vitu vitamu, ukimwona mtu mbele yako midomo inacheza, vua hapo hapo umwitikie, hata kama humjui.

Msimu uliopita nilijaribu tena, mke wangu alipokwenda kuchota maji. Nikasimama katikati ya mpunga, nikajaza kifua, nikapiga ukunga wa mtu aliyefiwa. Ndege mmoja akatua begani kwangu, akapangusa mdomo kwenye shati, akashuka kula. Nilipogeuka, Mama Zuhura alikuwa ukingoni, ndoo imemdondoka.

"Baba Zuhura," akaita, "unapiga kelele hapo?"

"Kwa nguvu zangu zote," nikamjibu.

Akabaki amesimama pale, ananisubiri nijibu.