Maharage ya Mama na Baridi ya Bertrams

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa mlinzi wa duka kule Kensington, hapa Johannesburg, lakini ukimsikiliza ungedhani misimu yote inaomba ruhusa kwake. Miaka miwili baada ya Kombe la Dunia la huku Afrika Kusini, mpichi wa uani kwetu Bertrams ulichanua mwezi wa nane, naye akaja kunigongea dirisha.

"Shemeji, angalia! Muti iko natoa maua. Baridi imeisha. Tupande!"

Kwetu tulikozaliwa ni milimani juu ya Uvira, Kongo, na huko mwezi wa tisa ni wa jembe kweli. Johannesburg haijawahi kufika Uvira, wala haikuona sababu ya kuiga. Gogo wa jirani, yaani bibi kizee aliyezaliwa papa hapa, alikuwa bado amejifunga blanketi kiunoni. Kwa mtu mwenye macho, hiyo ingetosha.

Maharage yenyewe yalikuwa ya mama yangu. Alinitumia kwa mkono wa msafiri, ndani ya soksi, mekundu yenye madoa, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Na kwetu mbegu haipandwi yote. Nusu hulala kwenye majivu, maana mvua nayo ina wazimu wake. Nikaificha nusu katika kopo la majivu juu ya kabati, nikaenda kushona nguo za watu. Niliporudi, kopo lilikuwa tupu na shemeji anafuta udongo mikononi. Kuweka akiba, akasema, ni kumshuku Mungu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waliosema hivyo hawakuishi na mkuu wetu.

Yakaota. Shemeji akawa anapita katikati ya mistari kama mkaguzi wa serikali. Kisha ukaja upepo wa vumbi jekundu, ukaing'oa plastiki aliyoifunikia miche, ukaitupa juu ya bati la gogo. Upepo ni mzuri, akasema, unaimarisha shina. Siku chache baadaye tuliamka tukakuta sakitu, umande ulioganda mweupe juu ya udongo wote. Jua lilipopanda, kila jani lilikuwa jeusi, limelegea kama mchicha uliochemshwa. Mizizi bado ni mizima, akasema. Nilitamani kumzika hapo hapo akahakikishe.

Jumapili mama akapiga simu. Nikaweka spika ili wote wamsalimu.

"Mama," akaniita mimi bintiye, kama anavyoniita siku zote, "ile maharage iliota?"

"Iliota muzuri sana, mama!" shemeji akawahi.

"Mungu asifiwe! Basi munitumie ata kikombe moja. Vita ilitukimbiza, gala yote iliungua. Huku tulikimbilia walitupa kipande ya shamba, lakini mbegu haiko."

Nilimtazama shemeji. Aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kumwagilia yale mashina meusi, na mama bado anauliza kwenye simu, "Mama, uko nanisikia?"