Picha Arubaini za Antena Kwenye Kundi la Sufuria

Mhitimu wa shule ya jioni hakosi maringo, na mimi yangu yangejaza mtaa mzima wa Langoni. Jirani yangu Bi Zuhura aliniletea kompyuta ya mkononi ya zamani, ya kalamu na antena, iliyokuwa ikipokea barua bila waya. Ndani ya kadi yake ya kumbukumbu mlikuwa na barua za marehemu mumewe, lakini ilizimika zamani na chaja yake ikapotea.

"Utaweza kuifufua, Bwana Athumani?"

"Bi Zuhura, hizi nimezisomea!"

Uongo mtupu. Sikuwahi kuiona hata kwa ndoto.

Tangu adhuhuri nikapekua mtandao wa dunia nzima. Kila ukurasa niliupiga picha nikajitumia kwenye wasapu, usipotee. Mwisho nikajirekodi sauti: "Athumani, usimwambie Bi Zuhura, lakini hata pa kuiwashia hupajui."

Kumbe nilikuwa nikituma kwenye kundi la mtaa, lile la kuazimana sufuria za maulidi! Picha arubaini za antena zikazifukia sufuria zote.

Lakini alhamdulillahi, nawashukuru wenye sufuria mpaka leo. Fundi mmoja mstaafu wa mtaa wa jirani wa Mkomani, aliyemo kundini, alizitambua picha, akaja mbio na chaja ya aina hiyo aliyoitunza miaka na miaka. Bila kosa langu, nani angempata?

Tulipoichomeka, Bi Zuhura akabisha hodi, simu yake mkononi ikiitoa ile sauti yangu ya kundini. Akaketi, akabonyeza ubavuni mwa kompyuta kwa ukucha. Kioo kikawaka.

"Pa kuiwashia ni hapa, msomi wangu," akasema, machozi na kicheko pamoja. "Si ungeniuliza?"