Valvu ya lab na mkono wa Mitunguu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sikusimuliwa na mtu, ilinilowesha viatu mimi mwenyewe.

Nafundisha control kwa chuo kimoja cha ufundi huku Meru. Wanafunzi wa engineering wanajifunza kutuliza maji ndani ya tangi yasimame kwa mstari mwekundu, yasipite, yasipungue. Tunaanza na simulator kwa kompyuta, halafu tunaenda kwa tangi lenyewe lab.

Kwa simulator, Makena alikuwa moto. Binti kutoka Mitunguu, kwa wakulima wa ndizi, mtulivu, anasukuma mouse kidogo kidogo na maji yanatii. Kulikuwa na nafasi moja ya attachment, mafunzo ya kazini, kwa bwawa la umeme kule Kiambere, Embu. Nikamwambia akipita practical ni yake. Alikuwa akiiombea kanisani kila Jumapili.

Siku ya kwanza kwa tangi, akashika valvu akafungua yote. Maji yakapita mstari, yakamwagika. Akashtuka, akafunga yote, na kwa vile tangi hutoa maji kwa chini muda wote, yakashuka. Akafungua yote tena! Sisi wengine tukapanda viti.

Ikawa hivyo kila kipindi. Darasa likambandika jina Mafuriko. Alicheka nao, lakini nilimpata nyuma ya lab akilia, na niliumia sana.

By the way, mop ya hiyo lab imefanya kazi kuliko mhadhiri yeyote.

Nikamuuliza, "Kwani kwenu mnafunguaje maji?"

"Mwalimu, maji ya kunyunyizia ndizi ni ya zamu. Zamu yako ikifika unafungua yote haraka, kwa sababu jirani ako hapo anangoja yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Makena, hii maji haina jirani. Hakuna mtu anakuja kuichukua. Fungua kidogo, toa mkono, ngoja."

Siku ya practical, mtahini kutoka nje akasimama kando yake. Makena akafungua kidogo, akatoa mkono, akatulia tu. Maji yakaanza kupanda polepole. Mtahini akadhani amekwama.

"Mbona umeacha?"

"Sijaacha. Naipatia time ifike."

Yakafika kwa mstari, yakasimama hapo. Darasa likapiga makofi, na mimi machozi yakanitoka mbele yao bila aibu. Kiambere alienda.

Nilichojifunza ni kwamba simulator inafundisha valvu, lakini haijui mkono wako umelelewa wapi. Siku hizi kabla niwashe tangi, nauliza kila mtu maji hufika aje kwao.

Wenye mnafundisha kazi za mikono, nyinyi mmeona nini? Watu wa Embu msijifiche, nawangoja hapo chini.