Plasta Aliyoifunga Baba

Kifundo cha mkono wangu wa kulia hakipindi sawasawa. Bukari, ugali wetu, nausonga kwa mkono wa kushoto, na wakwe zangu walicheka mpaka wakachoka. Waache wacheke. Kosa ni langu, si la mfupa.

Baba alikuwa fundi wa kufunga plasta hospitalini, hapa Kolwezi. Watu wa asili ya Kasai, kama baba, walipoanza kufukuzwa Katanga, na majirani waliozoea kuja kwetu kuomba chumvi wakatuita bilulu, yaani wadudu, nilianguka nikikimbia, nikavunjika mkono. Baba alinifunga mwenyewe jikoni, kwa bendeji za mwisho alizokuwa nazo. Ili nisilie, akanifundisha. Ndani ya kifundo mna mifupa midogo minane, imepangwa minne minne kwa safu mbili, kama nyumba za kambi yetu ya wafanyakazi. Mmoja ni mdogo kama punje ya mbaazi. Akashika mkono wangu mzima, akaupinda juu, chini, kando, nione kazi yake. Bila hiki, alisema, ungesonga bukari kwa bega. Nikacheka huku kamasi zinanitoka.

“Masemeni sita,” alisema, maana yake wiki sita. “Mi mwenyewe njo nitakata. Usiachie muntu mwingine.”

Siku tatu baadaye alipanda treni ya Kasai. Mama ni mtu wa Katanga ya kaskazini. Kaka zake walisema wangeweza kutuficha sisi wawili, baba hapana. Pale stesheni aliigonga plasta kwa ukucha, akasema imekauka vizuri. Basi, hakuongeza neno. Mpaka leo namkasirikia kwa hilo.

Wiki sita zikapita, kisha kumi, kisha nikaacha kuhesabu. Plasta ikalegea, ikanuka. Ngozi iliwasha hata nikawa naikuna kwa kijiti cha ufagio. Mjomba alileta muuguzi aikate, nilimng’ata. Kila mara mama ndiye aliyenitetea.

“Mumuache,” aliwaambia. “Anangojea tata yake,” yaani baba yangu.

Nami nilimwamini mama kuliko kalenda.

Asubuhi moja alikuja mfanyakazi wa reli. Aliongea na mama mlangoni kwa sauti ya chini, kofia ameivua. Alipoondoka, mama aliufunga mlango. Kisha akapasha maji, akaweka beseni mbele yangu, akachukua mkasi wake wa kushonea.

“Tata alisema atakata ye mwenyewe,” nilimwambia.

“Leta mukono, mama.”

Aliniita mama siku za homa tu. Nilingoja aseme tumngojee baba kidogo, kama alivyowaambia wengine wote. Hakusema. Macho yake hayakutoka kwenye mkasi.

Nikampa mkono.