Handaki Lililommeza Shemeji

Mjini kwetu kila mtu ana handaki lake. Kinyozi wa kona anasema linaanzia kwenye ghala kuukuu la forodha na kutokea stesheni ya reli. Mwenye bucha anaapa kwamba mbuzi wa babu yake aliingia humo, akasikika akilia chini ya wodi ya wazazi. Ukimuuliza nani alimsikia, anasema naye aliambiwa. Nimeuliza sana, maana mimi si mwepesi wa kuamini, na sijapata hata mmoja aliyeliona kwa macho yake. Lakini ukibisha wanakuzima: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kwetu lilikuja, likammeza shemeji yangu.

Dada yangu hushona mapazia. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno matamu, na kazini alikuwa na mtindo wake mwenyewe. Akimaliza kuunga bomba, alifunga kitambaa juu ya maungio, mafundo mawili, kisha baadaye alirudi kukipapasa. Kikiwa kikavu, kazi imekubali. Kikiwa na unyevu, alifungua akaanza upya. Vitambaa alivichukua kwenye masalio ya mapazia ya dada. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anayavalisha mabomba tai.

Alipotea akiwa na kazi katika chumba cha chini cha ghala lile lile la forodha, ambako kuna mlango wa chuma usiojulikana unakwenda wapi. Asubuhi aliaga, jioni hakurudi. Mlinzi alikuta mfuko wake wa kazi mbele ya mlango ule, na mlango uko wazi kidogo. Polisi walimulika ndani, wakaona kifusi na giza, wakaandika wanayoandikaga, wakaenda zao. Wa kwanza kutaja handaki alikuwa mama mkwe wa dada, mama mzazi wa shemeji, aliyekuwa akiishi nao. "Mwanangu kaingia handakini," alisema, akajitupa chini. Kesho yake mji mzima ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Mimi niliupekua ule mfuko. Tochi ilikuwamo. Spana yake kubwa haikuwamo.

"Dada," nikamwambia, "mtu anayeingia gizani anaacha tochi anachukua spana? Huko anaenda kukaza nati za nani?"

"Usinianze, mdogo wangu."

Lakini neno lilimwingia. Hakuvaa nguo za msiba, wala hakutoa chozi. "Nikimlilia kumbe yu hai, nitakuwa kichekesho," aliniambia. "Nikimlaani kumbe amekufa, nitamkosea. Nataka kujua tu. Nikishajua, ndipo nitalia au nitatukana."

Kazi ya mapazia inakuingiza vyumbani mwa watu. Mimi nilishika ncha moja ya tepu, yeye nyingine, akapima dirisha huku macho yake yako kwingine: viatu vya kiume chini ya kitanda, shati kwenye msumari, mswaki wa ziada. Alimshuku mlinzi wa ghala. Aliwashuku majirani. Hata mimi aliwahi kuniuliza, kwa utani usio utani, kama shemeji hakuniaga. Nilinuna wiki nzima.

Ni mtu mmoja tu ambaye dada hakumshuku. Mama yetu alikufa tukiwa wadogo, na huyu mama mkwe ndiye aliyemwogesha dada alipougua, ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa bila kupoteza. Dada naye alimpa chumba chenye dirisha zuri, akamtafutia dawa za presha, akampaka mafuta miguu kila jioni. Mimi nilimtazama kwa jicho la pembeni. Mara kwa mara alikwenda kliniki, hakutaka kusindikizwa, na alirudi amechangamka kuliko alivyotoka. Kliniki gani hiyo?

"Wewe una roho mbaya," dada aliniambia. "Yule ni mama yangu." Sikuacha kutazama.

Miaka ikapita. Mwaka huu tukaitwa kupima madirisha ng'ambo ya reli. Mji wetu ni mkubwa. Mtu akihamia ng'ambo ya reli ni kama amehama nchi. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mcheshi, akatukaribisha vizuri. Mume wake, alisema, ni fundi, yuko kazini. Mafundi ni wengi, hatukushtuka. Katikati ya kazi dada akaomba kunawa mikono, akakawia bafuni. Nikamfuata, nikamkuta amechuchumaa, vidole viko kwenye bomba chini ya sinki. Juu ya maungio palifungwa kitambaa cha kijani, mafundo mawili.

"Ndiye," nikanong'ona.

"Kwamba ndiye, nimeona. Tazama kitambaa."

Nikatazama, nikakitambua. Kilikuwa kitambaa tulichokishona mwaka huu huu, mapazia ya hoteli moja, na jora lote liliishia mikononi mwetu. Masalio yake yote dada alimpa mama mkwe, aliyeyaomba ajazie mto.

Dada alisimama, akanawa kweli, akaenda kumalizia dirisha la mwisho. Jina la huyo mume hakuuliza. Njiani alitembea mbele, tepu mkononi. Mimi ndiye niliyetukana kwa niaba yetu wote wawili.

Tulimkuta mama mkwe ameketi kitandani, anachambua vifungo.

"Nimelipata handaki, mama," dada akasema. "Lina madirisha manne."

Bibi akacheka kidogo, kama aliyetaniwa. "Handaki gani tena hilo, mwanangu?"

"Ule mto wa kitambaa cha kijani uko wapi?"

"Mto?" Akageuka kutazama kitanda. Akatazama mlango, akaniona nimesimama pale. Vifungo vikamdondoka.

"Alisema bomba linavuja," akasema taratibu.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nikapaza sauti. Nikamwambia avae viatu, nimpeleke kwa mwanawe sasa hivi.

"Kule mkewe ameambiwa mimi nilishakufa," akasema, si kwangu, kwa dada. "Huwa tunaonana kwa kuibia tu. Ningekwambia ukweli, ungenifukuza, na ingekuwa haki yako. Ningelala wapi, mwanangu?"

Nilingoja dada apasuke. Nilitaka apasuke. Yeye akachukua dawa za jioni, akampa na maji, akasubiri mpaka zimemezwa. Kisha akatoka uani, akakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo akalia, kwa sauti, bila kujali majirani.

Nikamshika bega. "Mwache mwanamume yule, dada. Hastahili chozi lako."

"Nani anamlilia yule?" akasema. "Yule nilishazoea kumkosa. Namlilia mama yangu."