Mwenye Gari la Maiti

Hata gari likiwa tupu, mwanamke huyu hupunguza mwendo akifika daraja la mto Mfolozi, na midomo yake huchezacheza. Babu yake aliwabeba wafu wa mji huu kwa mkokoteni wa ng'ombe, baba yake kwa pikapu. Yeye ana gari jeusi, na vumbi lake hulifuta kwa kiganja, si kwa kitambaa. Jumamosi moja alikuwa akimtoa Bibi Zungu hospitali kumrudisha kwake. Kando yake aliketi Bhekani, mwana wa marehemu, ameshika tawi ambalo roho huongozwa nalo hadi nyumbani, ikiambiwa kila inapovushwa mto, huku akibishana kwenye simu. Wakavuka daraja, Bhekani hakumwambia mama yake neno. Yule mwanamke akafunga breki, akaanza kurudi kinyumenyume, ndugu waliofuata nyuma wakipiga honi.

"Dada, vipi tena? Tumechelewa, na mto tumeshavuka!"

"Umevuka wewe, kaka. Mama yako bado yuko ng'ambo." Akamnyang'anya simu. "Tangu enzi za mkokoteni hatujamwacha mtu huku. Mwambie."

Bhekani akainua tawi. "Mama," akasema, "twende, tunavuka."