Siku damu yangu mwenyewe ilipokataa jibu langu la maabara

Wakuu, salamu zenu. Hii nimekaa nayo tangu miaka ya CPA, ule mkataba wa amani wa Sudan. Nitaisimulia bila kuongeza chumvi, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nililelewa Kenya, nikasomea maabara huko. Amani ilipokuja nikarudi Juba, nikapata kazi kwenye lab ndogo mtaa wa Hai Jalaba. Tulikuwa na mashine ya kupima seli: zinapita mbele ya leza moja moja, zilizoshika rangi zinawaka. Mimi ni kuhesabu CD4, zile seli za kinga za wenye VVU, asubuhi hadi jioni. Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku moja akaletwa Mama Keji, muuza samaki wakavu wa mtaa wa Malakia, mimi mteja wake. Fizi zinatoka damu, nguvu hana. Dokta Akello, bosi wetu Mganda, akachungulia damu yake kwenye hadubini.

Kansa ya damu.

Shida ni kwamba zilikuwa aina mbili za kutofautisha, na dawa zake si moja. Kinachozitenga ni protini iliyo NDANI ya seli. Madaktari wa Kampala walikubali kumpokea, ila walitaka jibu letu kwanza. Tukikosea, mama anapewa dawa isiyo yake.

Sasa, rangi haiingii hivi hivi ndani ya seli. Kwanza unaigandisha kwa formalini, kila kitu kibaki pale kilipo. Halafu unaitoboa kwa saponini, kitu cha jamii ya sabuni. Ndipo rangi inapita.

Damu ya control, yaani ya kulinganishia, hatukuwa na ya kununua, kwa hiyo kila fundi alijitoa yake. Mtu mwenye afya ana protini hiyo tele. Lazima seli zake ziwake.

Nikapitisha seli za mama kwenye mashine. Giza tupu. Nikashika kalamu niandike kwamba protini haipo.

"Na zako?" Dokta akauliza.

Nikapitisha zangu. Giza vilevile! Wakuu, kalamu nikaiweka chini.

"Baada ya kutoboa, uliosha na nini?"

"Na maji ya chumvi, Dokta. Kama CD4."

"Basi ulifunga mlango kabla mgeni hajaingia."

Kumbe matundu ya saponini hujifunga ukiiondoa. Inatakiwa iwepo mpaka rangi imalize kazi. Mkono wangu ulishazoea CD4, ukajiendea.

Nilidhani damu imeharibika. Dokta akasema nirudie na seli zile zile. Saponini tena, rangi tena, safari hii naosha na saponini.

Zangu zikawaka. Za mama zikawaka: protini ipo.

Nilisimama mdomo wazi. Seli zimekufa tangu asubuhi, zimetobolewa, zimefungwa, zimetobolewa tena, na protini haijasogea! Mungu ni fundi, jamani. Mpaka leo mwili unanisisimka.

Nilimwendea Mama Keji nikamwambia ukweli, kwamba mara ya kwanza nilikosea.

"Ulirudia?"

"Nilirudia, mama."

"Khalas, yamekwisha. Andika ya pili. Ile ya kwanza mimi hapana jua."

Alikwenda Kampala, dawa ikamkubali. Alirudi Malakia na kipara cha dawa, akanipunja samaki kama kawaida.

Mafundi wa lab mliomo humu, nipeni yenu, na msijifiche. Mimi nilichojifunza ni hiki: kabla hujaandika giza kwenye damu ya mwenzako, pitisha kwanza yako.